Mrejesho: paka wa Kiajemi na wa Siam hushindanishwaje?

Wadau, asanteni. Wiki jana niliuliza jaji wa maonyesho ya paka anamlinganishaje Mwajemi mwenye manyoya tele na wa Siam aliye mwembamba kama ufito. Kumbe hawalinganishi! Kila paka hupimwa kwa vigezo vya aina yake, jumla alama 100. Kwa CFA, chama cha wapenda paka cha Marekani, kichwa cha Mwajemi peke yake kina 30. Anayekaribia zaidi vigezo vyake ndiye hushinda. Paka wa kawaida nao wana kundi lao: usafi, afya, tabia.

Nikamjaribu wangu hapa Section 58, Nakuru, juu ya meza ya jikoni, nikimnyoosha mkia kama jaji. Nimebaki na mikwaruzo mitatu mkononi. Kule kwenye maonyesho, paka akimuuma jaji anaondolewa. Basi aendelee na panya zake.