Naomba ushauri: bawa la kuvuna nishati ya maji, ufanisi unagoma kupanda

Habari zenu wakuu, nimekwama wiki ya tatu sasa. Nafanya simulesheni ya bawa la NACA 0015 (umbo sanifu la bawa) linalopanda na kushuka huku linajigeuza, kwenye OpenFOAM (programu ya kukokotoa mtiririko), narudia kazi ya watafiti Kinsey na Dumas ya 2008: namba ya Reynolds 1100 (uwiano wa mwendo wa maji na unato wake), frikwensi 0.14 (haina kizio), kujigeuza nyuzi 76.3, ekseli ya kujigeuzia theluthi moja ya upana wa bawa toka mbele. Wao walipata ufanisi karibu 34%, mimi nimeganda 25%.

Mwanzo meshi (gridi ya seli za kukokotolea) ilikuwa inaharibika bawa likipita nyuzi 60, seli zinakuwa nyembamba kama wembe, nikahamia meshi za kupandana (overset, moja juu ya nyingine) ikatulia. Nimeongeza seli mara mbili, hatua ya muda nimeikata nusu, namba haisogei kabisa.

Nguvu ya kuinua inalingana na grafu yao, ila torki (nguvu ya kuzungusha) ndo iko ovyo. Nimeipimia kwenye nukta 0,0,0 isiyosogea wakati ekseli yenyewe inapanda na kushuka, hapo ndo nimechemka? Na naweza kuisahihisha kwa data niliyonayo, kwa kuzidisha nguvu ya kuburuta na kimo cha ekseli, au nirudie zote? Maana rani moja inakula siku mbili kwenye laptop yangu, na umeme wenyewe mnaujua.