Ushauri: Mama ana limfoma ya ubongo, je, akubali mionzi ya kichwa kizima?

Binti wa Korogwe:
Wanajamvi, naomba ushauri. Mama yangu, mwenye miaka 66, aligundulika kuwa na limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga za mwili, iliyoanzia ndani ya ubongo wenyewe. Amekwisha kupata dripu za dawa za saratani, methotreksati ya dozi kubwa pamoja na rituksimabu, na picha ya MRI ya mwezi uliopita haikuonyesha tena uvimbe. Sasa daktari anapendekeza mionzi ya kichwa kizima ili kuua masalia yasiyoonekana. Mama husuka ukili kila alasiri, akihesabu miyaa kichwani bila kukosea, nami nachelea mionzi isije ikamwondolea uwezo huo.

Mtaalamu wa Mionzi:
Pole kwa kuuguza, dada. Kichwa humulikwa chote kwa sababu seli za limfoma hii hutapakaa mbali na uvimbe unaoonekana. Uvimbe huyeyuka upesi kwa mionzi, lakini zamani, ilipotumika peke yake, ugonjwa ulirudi kwa wengi. Baadaye ilitanguliwa na methotreksati kisha ikatolewa kwa dozi ya grei 45 (grei ni kipimo cha mionzi), na hapo madhara yakajitokeza, hasa kwa waliovuka miaka 60: usahaulifu, kuyumba wakati wa kutembea, kushindwa kuzuia mkojo, wakati mwingine miaka kadhaa baada ya tiba. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2010 haukuona kwamba kuongeza mionzi baada ya methotreksati kulirefusha maisha, ingawa ugonjwa ulikawia kidogo kurudi. Kwa hiyo muulize daktari anakusudia grei ngapi, kwani mgonjwa ambaye uvimbe wake umetoweka anaweza kupewa 23.4 tu, kwa vipindi 13. Muulize pia kama mionzi inaweza kuwekwa akiba, itumike tu ugonjwa ukirudi. Kwa umri wa mama, mimi ningeomba isubiri.

Mama Mkubwa:
Mwanangu, msiichukie mionzi. Figo za marehemu mume wangu hazikuweza kuhimili methotreksati, kwa hiyo mionzi ndiyo iliyokuwa tegemeo letu. Walilainisha plastiki yenye matundu kwenye maji ya moto, wakaivuta usoni pake hadi ikakauka, iwe barakoa ya kushika kichwa kisitikisike, na kila siku alitoka chumbani akiwa na alama za matundu kwenye paji la uso. Mguu uliokuwa ukiburuzika ukapata nguvu, akatembea mwenyewe hadi msikitini. Mwaka uliofuata alianza kuuliza jambo lile lile mara mbili katika mlo mmoja, lakini mwaka huo tuliupata kwa mionzi.

Binti wa Korogwe:
Shikamoo mama, na ahsanteni sana. Daktari amesema alikusudia hizo 23.4, na amekubali tusubiri, mradi MRI irudiwe kila baada ya miezi mitatu.

Mtaalamu wa Mionzi:
Vema. Je, macho yamepimwa? Limfoma hii huweza kujificha humo, hata mgonjwa akiwa anaona vizuri.

Binti wa Korogwe:
Hayajapimwa. Jumanne nampeleka kliniki ya macho.