Naombeni ushauri: Blüemlisalphütte kwenda na kurudi siku moja na dada yangu, inawezekana?

Mtu wa Raskazone:
Wakuu habari zenu. Niko Lausanne, Uswisi, masomoni, kwetu Tanga, na mwezi wa nane dada yangu anakuja kunitembelea kutoka Dar. Tangu apate viza ananitumia picha moja tu, ya lile ziwa la Oeschinensee kule Kandersteg, maji ya kijani kama sio ya kweli, majabali yamesimama wima nyuma yake na juu kabisa barafu, anasema asipofika pale safari haijakamilika. Sasa mimi kuangalia ramani nikaona juu ya ziwa kuna nyumba ya wapanda milima inaitwa Blüemlisalphütte, ya kile chama chao cha milima SAC, iko kwenye mita 2,840 hivi, wanasema ukikaa barazani barafu iko hapo mbele yako. Nikasema basi ndo hapo hapo, tukishafika ziwani tunapanda, tunakula mchana juu, tunashuka, jioni tuko kwenye treni.

Sista ana miaka thelathini na kitu, mzima wa afya, anatembea Coco Beach jioni jioni, ila mlima hajawahi kupanda hata mmoja. Mimi nakimbia kidogo. Je siku moja inatosha kutoka Lausanne? Viatu vya kukimbilia vinafaa au lazima mabuti? Chakula cha huko juu kikoje maana sisi nguruwe hatuli? Na kuhusu pesa pia nielezeni, mwanafunzi mimi. Nawasilisha.

Ngosha Halisi:
Yaani mtu anakata tiketi ya ndege, anafika Ulaya, halafu anaenda kupanda mlima bila kulipwa. Nimekaa siti ya mbele nasubiri wajuzi.

BiMkubwa wa Bern:
Mwanangu wa Raskazone, wazo zuri, ila hebu tupige hesabu ya saa kwanza maana picha haionyeshi saa.

Treni ya mapema kutoka Lausanne unabadilisha Bern, unapita Spiez, Kandersteg unafika baada ya masaa mawili na nusu hivi. Kutoka stesheni mpaka kwenye gondola, yaani vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya na kukupandisha mlimani, ni mwendo wa miguu kama dakika ishirini, halafu foleni, mwezi wa nane ile foleni sio mchezo. Tuseme mambo yamekunyookea na saa tatu asubuhi mko juu gondola inapoishia. Kutoka hapo mpaka Blüemlisalphütte ni kama masaa manne, na kumbuka yale mabango ya njano yanahesabu kutembea tu, hayahesabu kupumzika, kunywa maji, wala picha za sista. Mtu ambaye hajawahi mlima mpe masaa matano. Ni saa nane mchana. Mkae dakika arobaini na tano mle, saa tisa kasoro robo. Kushuka masaa matatu, mnafika kwenye gondola saa kumi na mbili kasoro robo na ya mwisho kiangazi huwa jioni kama saa kumi na mbili (angalia ratiba kwenye tovuti yao kabla ya kwenda, inabadilika kwa msimu). Sasa hapo niambie, ni matembezi au mnafukuzwa?

Ziwa liko mita 1,578. Nyumba 2,840. Ni kupanda mita zaidi ya 1,200 na kuzishuka zote siku hiyo hiyo, na kinachowaumiza wageni ni kushuka wala sio kupanda, magoti yanaanza kutetemeka mtu bado ana saa nzima mbele.

Ushauri wangu, na sista usipande mpaka juu. Gondola ikiwashusha shikeni njia ya juu inayopita Heuberg, mnatembea ubavuni mwa mlima ziwa lote liko chini yenu, picha anayoitaka ndo inapigwa pale, wala sio chini ufukweni. Mnafika Oberbärgli, karibu mita 1,980, ni malisho ya ng'ombe ya kiangazi na pana kibanda wanauza chakula na jibini yao wenyewe. Mnakula, mnashuka Unterbärgli, mnatokea ziwani, mnarudi kwenye gondola. Masaa matatu ya kutembea, manne mkijivuta. Hapo ziwa mmeliona, mlima mmeuonja, na sista bado anaongea na wewe.

Kibosho_Asilia:
Naunga mkono hoja ya mama. Mimi wa Moshi, nimekua naona watalii wanapanda Kilimanjaro kila siku. Mandara Hut iko mita 2,700 na kidogo, yaani karibu usawa mmoja na hiyo nyumba yenu, na kutoka geti la Marangu mpaka Mandara wageni wanapanda mita chini ya 900 halafu WANALALA. Wana guide na wana wagumu wanaowabebea begi, mpishi ametangulia chai iko tayari. Huko Alps hakuna mgumu, hakuna geti, hakuna wa kukuuliza unaenda wapi, begi ni lako na maamuzi ni yako. Uzuri wake ndo huo ila na hatari yake ndo hiyo hiyo.

Kuhusu kichwa kuuma kwa ajili ya urefu msiogope sana, mita 2,800 kwa masaa machache wengi hawapati shida zaidi ya kuhema. Sista akianza kusikia kichefuchefu na kichwa kinagonga mnashuka tu, inaisha.

mwana_longonot:
Sasa wadau. Mimi niko Zurich, kwetu Nakuru. Kuna kitu inafurahisha hapa, ile pass, yaani mahali njia inavuka mgongo wa mlima, iko chini kidogo ya hut inaitwa Hohtürli iko 2,778, na Mlima Longonot wa kwetu Kenya pale kileleni ni 2,776, tofauti ni mita mbili tu! Lakini Longonot gari inakuacha getini ukiwa tayari juu ya mita 2,000, unapanda kidogo unazunguka crater unarudi Naivasha kula samaki. Hapa Hohtürli unaanzia chini kabisa. Kwa hivyo Mkenya yeyote akisoma hii akisema "aah ni kama Longonot" msimsikize.

Njia yenyewe hadi Oberbärgli ni rahisi zaidi, lakini nayo ni njia ya mlima, angalia unapokanyaga. Baada ya hapo ndio inabadilika, unapanda kwenye kifusi cha mawe na changarawe ambayo barafu iliacha ikirudi nyuma, njia ni nyembamba na mahali pengine inateleza. Si ya kamba lakini si ya kuangalia simu pia. Alama zake ni nyeupe-nyekundu-nyeupe kwa mawe, hiyo ni njia ya mlima. Ukiona rangi ya njano peke yake ni matembezi ya kawaida, hata mzee wa kanisa anaenda. Ukiona nyeupe-bluu-nyeupe rudi, hiyo ni ya watu wanajua kazi yao.

Viatu: Heuberg na Oberbärgli viatu vya kukimbia vyenye soli ya meno vinatosha kama hakujanyesha. Mpaka hut, mabuti, na fimbo mbili za kushukia.

Mtu wa Raskazone:
Duh asanteni sana, nimeanza kuelewa. Ila mama BiMkubwa, mimi mwenyewe bado roho iko kule juu, hivi kweli hakuna namna? Na kama tukilala Kandersteg usiku wa kuamkia?

Chura Mwenye Mabuti:
Namna ipo mkuu, hawa wanakutisha kidogo. Ukilala Kandersteg unapanda gondola ya kwanza kabisa, tayari umeokoa kama lisaa, na ukiikosa ya mwisho jioni dunia haijaisha, kuna njia ya kushuka kwa miguu mpaka kijijini, lisaa hivi na kidogo. Watu kibao wanaenda na kurudi siku moja, nimewaona na watoto wa miaka kumi na mbili wanapanda kama mbuzi.

BiMkubwa wa Bern:
Hao watoto wa miaka kumi na mbili wamezaliwa huko huko bondeni Frutigen, babu zao wanaishi malishoni. Unawalinganisha na mtu wa Coco Beach?

Akitaka juu kweli, alale huko huko juu. Ile nyumba ni ya kulala watu. Unapanda siku ya kwanza taratibu, unafika jioni, unakula chakula cha usiku pamoja na wengine, asubuhi unashuka na nguvu mpya. Huduma ya chakula na mhudumu ipo kiangazi, kama mwisho wa mwezi wa sita mpaka mwezi wa kumi hivi, na mapema msimu theluji bado inakuwepo Hohtürli kwa hiyo mwezi wa nane umechagua vizuri. Nafasi lazima u-buku kabla, wikiendi zinajaa mapema. Unalala chumba cha wengi, kila mtu anakuja na shuka lake jembamba la kushonwa kama mfuko, mablanketi yapo. Mabuti yanabaki mlangoni, unavaa kandambili zao. Maji ya kunywa unanunua kwa sababu kule juu maji yanapatikana kwa shida, na kuoga usahau.

Chura Mwenye Mabuti:
Mama umeshinda kwenye kulala. Ila kwa kijana peke yake bila sista nashikilia hapo hapo, siku moja inatosha.

Pwani Forever:
Kuhusu chakula maana naona wote mmeruka. Kwenye hizi nyumba za milimani utakuta supu, soseji, jibini, keki, na rösti ambayo ni viazi vya kukwangua vya kukaanga. Rösti ndo mkombozi wetu ila angalia, mara nyingi wanaweka vipande vya nguruwe ndani au juu. Unasema "ohne Speck bitte", wakuwekee yai na jibini. Na supu uliza pia, ile ya shayiri mara nyingi ina nyama ndani. Mimi huwa nabeba chapati zangu na mayai ya kuchemsha, supu nanunua ya mboga. Bei jiandae, sahani moja ya moto inaweza kufika faranga ishirini na zaidi. Beba noti, mtandao kule unaweza kugoma na kadi isisome.

Nauli ndo itakayowaumiza kuliko chakula. Wewe si una kadi ya nusu nauli? Kama huna kata, kwa safari chache inajilipa. Sista mnunulie tiketi ya siku nzima ile ya bei ya mapema kwenye apu ya SBB, shirika la reli la huku, kadiri unavyowahi ndo inavyokuwa rahisi. Ila hakikisha unasoma gondola inaingia kwenye tiketi gani au mnalipia pembeni.

Ngosha Halisi:
Chapati mita 2,800. Sasa huu uzi naanza kuuelewa.

Mzee wa Bima:
Hakuna aliyegusa bima na ndo jambo la kwanza. Helikopta ya uokoaji huku sio bure. Wewe mwanafunzi kama uko kwenye bima ya lazima ya Uswisi, inalipa nusu ya gharama za uokoaji na mwisho faranga 5,000 kwa mwaka, inayozidi ni yako. Ndo maana watu wengi wanachangia Rega, shirika la helikopta za uokoaji, kila mwaka, ni kidogo tu, na wao wanaweza kukusamehe bili ambayo bima haikulipa. Namba yao ni 1414 ndani ya Uswisi, iweke kwenye simu, au 112 ukichanganyikiwa.

Sista yeye ana ile bima ya viza ya Schengen ya kuanzia euro 30,000. Isome. Kuna nyingine zimeandika wazi kwamba michezo ya milimani hazihusiki au zinaweka kikomo cha mita. Mpigie wakala kabla hajapanda ndege, akujibu kwa maandishi.

mwana_longonot:
Na kitu ingine ya muhimu, pale juu ya Oeschinensee kuna jabali linaitwa Spitze Stei, mlima wenyewe unasogea, wanaupima kila siku, na kuna sehemu na njia zimefungwa upande huo kwa sababu mawe yanaweza kuporomoka. Heuberg na Oberbärgli ziko upande mwingine. Lakini msikate njia zenu wenyewe kuzunguka ziwa, mkiona kizuizi ni kizuizi, hakijawekwa na mtu mwenye roho mbaya.

Hali ya hewa angalia apu ya MeteoSwiss usiku wa kuamkia na asubuhi tena. Mwezi wa nane radi zinapenda kuja alasiri. Asubuhi jua kali, saa tisa mawingu meusi. Koti la mvua hata kama mbingu ni safi kabisa.

Mtu wa Raskazone:
Wakuu mmenisaidia vibaya mno. Nimeongea na sista leo, kumsomea ile hesabu ya saa ya BiMkubwa akacheka akasema yeye alitaka ziwa tu, hayo mambo ya nyumba ya juu nilimpachika mimi. Kwa hiyo tunafanya Heuberg na Oberbärgli katikati ya wiki tukwepe foleni, yeye chapati mimi maji. Na huko juu nitaenda mwenyewe mwezi wa tisa kulala usiku mmoja, nimeshaandika barua pepe kuuliza nafasi.

Swali la mwisho, sista anaogopa ng'ombe. Hilo nalo ni tatizo Oberbärgli?

BiMkubwa wa Bern:
Watakuwepo, tena njiani kabisa, wana kengele shingoni utawasikia kabla hujawaona. Wakiwa wamelala nyinyi piteni pembeni taratibu, msikimbie, na msipite katikati ya mama na ndama wake hata kama ndama ni mzuri kwa picha. Kama wameziba njia panda juu kidogo uwazunguke kwa mbali. Lango la waya mkilifungua mlifunge nyuma yenu.

Ngosha Halisi:
Msukuma nimeletwa mpaka huku nisome kwamba kuna mtu anaogopa ng'ombe. Dada aje Shinyanga kwanza tumfundishe, Alps baadaye.