Naomba ushauri: kutuma listi ya zawadi za bethdei yangu ni sawa?

Wakuu habari zenu, mwezi ujao natimiza miaka 40 na nimepanga kapati kadogo, watu kama 20 hivi, sasa dada angu anasema nitengeneze listi ya zawadi niitume pamoja na mwaliko maana mwaka jana nililetewa blenda tatu (mbili ziko kwenye boksi mpaka leo). Mi naona kama ni kuombaomba, harusi sawa, lakini mtu mzima na bethdei yake mmh. Nimewaza anayeuliza ndo nimpe, na niweke na vitu vya bei ndogo asiye na hela asijisikie vibaya. Au niandike tu "uwepo wako unatosha"? Ila hapo blenda ya nne inakuja. Ungekuwa wewe mgeni ungechukuliaje?