Tugawe wapi data kubwa ya ramani huria kwa njia ya torenti?

Mchoraji, Arusha
Ndugu wanajamvi, salaam. Tunaandaa data ya programu huria ya ramani inayotumika bila intaneti: miinuko ya Afrika Mashariki iliyopimwa na chombo cha NASA mwaka 2000, pamoja na barabara na vijia kutoka OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea. Ikishachorwa, inakaribia GB 40. GitHub, tovuti ya kuhifadhia programu huria, haipokei faili linalozidi MB 100 ndani ya hazina ya kawaida, na seva ya kukodi ingetugharimu kila data inapopakuliwa. Watumiaji wetu wengi ni waongoza watalii wa Meru na Kilimanjaro, wanaotegemea bando, na umeme ukikatika katikati ya upakuaji hawana uwezo wa kuanza upya. Je, ni wapi pa kuaminika?

Msomaji wa Rau, Moshi
Ndugu Mchoraji, torenti, yaani njia ya watumiaji kupeana vipande vya data wao kwa wao, haihifadhi data. Faili lake dogo hubeba orodha ya vipande na alama za kuvihakiki, ndiyo maana upakuaji uliokatika huendelea ulipoishia. Data yenyewe imo katika kompyuta za wanaoigawa, na wote wakizima, hakuna atakayepata kitu. Kwa hiyo tafuta kwanza nakala kamili isiyozimwa. Mimi ningeanza na Internet Archive, maktaba huria ya mtandaoni, kwa kuwa ukishapakia data huko, torenti hutengenezwa yenyewe, na seva zao huendelea kutoa vipande hata pasipokuwa na mgawaji mwingine. Academic Torrents, tovuti ya kugawia data za utafiti iliyoanza mwaka 2013, inafaa pia kwa kuitangaza kwa watafiti.

Fundi wa Njiro
Naunga mkono, ila msifunge kila kitu katika torenti moja. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya data, utambulisho wa torenti hubadilika, na waliokuwa wakigawa toleo la zamani hawahesabiki tena katika jipya. Miinuko ya milima haibadiliki, basi iwe torenti ya kudumu. Barabara, ambazo OpenStreetMap huzirekebisha kila siku, ziwe torenti nyingine ndogo. Mwongozaji aliyekwisha kupata miinuko hatalazimika kuinunulia bando mara ya pili.

Jambo jingine ni kwamba mitandao mingi ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na watu wawili walio katika hali hiyo hushindwa mara nyingi kufikiana. Angalau mgawaji mmoja awe na mlango (port) uliofunguliwa kwenye ruta, ili wengine waweze kumfikia. Mkiwa na maabara ya chuo, washeni utafutaji wa wenzenu wa karibu katika qBittorrent, programu ya kupakua na kugawa torenti, ili vipande vipite kwenye nyaya za ndani pasipo kugusa intaneti.

Mchoraji, Arusha
Nashukuru sana. Tutazitenga torenti hizo mbili. Je, leseni ina sharti lolote?

Msomaji wa Rau, Moshi
Data ya OpenStreetMap iko chini ya leseni ya ODbL, yaani leseni ya hifadhidata huria: mtaje wachangiaji wake, na hifadhidata mliyoiboresha muitoe kwa leseni hiyohiyo. Wekeni maelezo hayo ndani ya folda kabla ya kutengeneza torenti, maana mkiyaongeza baadaye, itakuwa torenti nyingine.