Laptopu ikilala, skrini ya pili haionekani tena: msiniambie ninunue waya mwingine

Wakuu, nimekuja na hasira na sitaificha.

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Laptopu yangu inatumia Linux, na kwa HDMI nimeiunganisha na skrini kubwa iliyogeuzwa upande wa mteja, asome kazi yake kwa macho yake kabla sijachapa. Umeme ukikatika skrini hiyo inazima. Laptopu nailaza (sleep) ili betri isiishe. Umeme ukirudi naiamsha, na hapo ndipo balaa linapoanza. Skrini inaandika kwamba haipati mawimbi, sekunde chache baadaye inakuwa nyeusi, inabaki taa ya rangi ya chungwa tu. Nachomoa waya, nachomeka, wapi. Mpaka niiwashe upya laptopu.

Wiki iliyopita alikuja mama na karatasi ya mkono, ratiba ya mazishi ya mumewe. Ibada saa nane, na ilikuwa saa sita na nusu. Umeme ulikuwa umerudi muda huohuo, skrini yake haionyeshi kitu, na mimi nilikuwa na kazi za watu wengine zimefunguka ambazo sikuwa nimezihifadhi. Akainama juu ya kaunta kusoma kwenye laptopu, miwani hana, akasema sawa. Tukachapa nakala 150. Jina la ukoo la marehemu lilikuwa na L mahali pa R. Nilizichapa zote upya kwa hela yangu, lakini zile za kwanza mama alikuwa ameshaziona, na alilia palepale dukani. Kwa hiyo nikiambiwa hili ni tatizo dogo la kwenye kompyuta, sikubali.

Sasa majibu niliyopewa kila nilipouliza. "Badili waya." Nimenunua waya tatu. "Rudi Windows." Sikuuliza hilo. Fundi mmoja mjini alitaka kubadilisha motherboard, bila hata kuniuliza kama skrini inafanya kazi kabla laptopu haijalala. Inafanya! Kutwa nzima inafanya! Waya mbovu unajuaje kwamba laptopu imelala?

Nikaanza kuchimba mwenyewe, usiku, na bando langu. Plagi ya HDMI ina pini 19. Pini ya 18 inapeleka volti 5 kwenye skrini, na ya 19 ndiyo inayorudisha jibu kwamba skrini ipo. Jibu likifika, laptopu inasoma EDID, yaani maelezo ambayo skrini inayabeba kuhusu vipimo vyake. Linux inaandika matokeo yote kwenye mafaili ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma:

cat /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/status
cat /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/edid | wc -c

Kabla ya kulala napata connected na baiti 256. Baada ya kuamka napata disconnected na baiti 0, na waya uko palepale haujaguswa. Kisha nikalazimisha draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, iulize upya:

echo detect | sudo tee /sys/class/drm/card1-HDMI-A-1/status

Skrini ikawaka! Waya uleule, skrini ileile. Maana yake taarifa ya pini ya 19 inapotea wakati laptopu inaamka, na draiva haijisumbui kuuliza tena. Nimeweka komandi hiyo kwenye skripti ndani ya /usr/lib/systemd/system-sleep/, isubiri sekunde 5 baada ya kuamka ndipo iulize. Inasaidia siku nyingine, siku nyingine haisaidii. (Kwako kadi ya picha inaweza kuwa card0, angalia kwanza.)

Halafu kuna wale wa "ongeza mem_sleep_default=deep kwenye GRUB." GRUB ndiyo programu inayoiwasha Linux, na deep ni usingizi mzito. Niliongeza. Haikubadilisha kitu, na sababu ni hii:

cat /sys/power/mem_sleep

Inanijibu [s2idle] peke yake. Deep haipo. Waliotengeneza laptopu hii hawakuweka ule usingizi wa zamani wa S3 (ndio huo deep) kwenye BIOS, programu ya ndani ya laptopu yenyewe, wamebakiza huu wa kusinzia tu, s2idle, na kwenye boksi hapakuwa na neno hata moja juu yake. Nilitoa hela yangu taslimu. Nilikuwa na haki ya kuambiwa.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Kwenye menyu ya GRUB nilichagua keneli (kiini cha Linux) ya zamani, ile ya kabla ya apdeti. Nikailaza na kuiamsha mara kumi, skrini ikarudi mara kumi. Nikarudi kwenye mpya, ikagoma mara ya pili tu. Nikaripoti kwa wahusika, nikaambatanisha dmesg nzima, yaani kumbukumbu za keneli, yenye maelezo ya ziada ya drm.debug=0xe kama walivyotaka. Jibu: jaribu toleo jipya zaidi. Nikajaribu, hali ileile. Jibu la pili: fanya git bisect. Yaani nishushe msimbo wote wa keneli kwa bando, niijenge upya zaidi ya mara kumi ili kupata badiliko lililoleta kosa, kwenye laptopu ambayo ndiyo inanilisha, huku wateja wamepanga foleni. Mimi mchapaji, kosa hili sikulileta mimi, na ushahidi wote nimeshautoa.

Kwa sasa nimekwama kwenye keneli ya zamani na apdeti zake nimezizuia, na najua maana yake kiusalama. Sina njia nyingine.

Mwenye laptopu yenye s2idle peke yake, ambaye skrini yake inarudi kila mara baada ya kuamka, naomba aweke hapa matokeo ya uname -r (toleo la keneli) na lspci (orodha ya vifaa vya ndani), mstari wa kadi ya picha tu unatosha. Na kama kuna mtu alishaibana hii kwa kuongeza kitu kwenye GRUB, aandike alichoongeza neno kwa neno. Wa waya, tafadhali, pita.