Eti "hata dagaa hukauka na bado wanaliwa"!!! Huyu bingwa wa wikendi tumvumilie mpaka lini?

CHONGE KALI:
Wakuu, simtaji jina. Wa Mwanza mnamjua, wa Bunda na Musoma mnamjua, hata makorongo ya soko la samaki la Mwaloni yanamjua. Bingwa wetu wa meno wa wikendi. Anashuka na ndege Ijumaa jioni, Jumamosi anakaza skrubu, Jumapili mchana yuko hewani na midomo ya watu ameiacha inalia.

Leo, mbele ya darasa zima, kachuna bloku la mfupa kidevuni, akaliongezee taya lililopungua upana ili lishike kipandikizi, yaani mzizi wa jino la bandia. Bloku zuri, sikatai. Halafu akaliweka kwenye gozi (kitambaa cha vidonda) kavu. KAVU. Simu ikaita, akavua glavu, akaanza kujadili kiwanja. Pantoni ya Kamanga ikaenda Sengerema ikarudi, yeye bado anauliza kama kina hati. Dada msaidizi, kwa adabu zote, akamwambia, "Daktari, niulowanishe?" Mgonjwa yuko macho, ganzi ni ya mdomoni tu, masikio yanafanya kazi. Bingwa akajibu: "Hata dagaa hukauka na bado wanaliwa."

Dagaa! Mfupa wa mtu!

Bakuli safi lililotoka kwenye mashine ya mvuke, maji ya dripu ya asilimia 0.9, bloku lizame humo. Kazi imekwisha. Siyo maji ya bomba, wala yale yasiyo na chumvi ya kujazia mashine, maana hayo yanavimbisha seli mpaka zinapasuka. Chupa ya dripu haifikii hata bei ya sato wa maana. Lakini wapi, gozi kavu.

Na mfupa ulikaa nje muda wote huo kwa sababu ya kutopanga tu. Unafungua kwanza kule unakokwenda kupanda, unapima upana, unatoboa vitundu kwenye ganda gumu la mfupa mpaka damu ichuruzike, ndipo unakwenda kuchuna. Yeye kaanza na kidevu. Kuja kupima, bloku limezidi, anaanza kulimega kwa koleo huku limekauka kama... haya, malizieni wenyewe.

Mipaka ndiyo usiseme. Kila aliyesoma anajua: milimita 5 chini ya ncha za mizizi, 5 juu ya ukingo wa taya, 5 mbele ya tundu inapotokea neva ya mdomo na kidevu. Chonge mzizi wake mrefu, kwa hiyo pale pembeni mstari lazima ushuke. Yeye kapiga mstari mmoja umenyooka kama barabara ya Shinyanga. Mgonjwa akirudi kulalamika kwamba meno ya mbele anayahisi kama mbao, ataambiwa ni mawazo.

Hayo yote ningemeza. Hili la dagaa halipiti kooni. "Bado wanaliwa." Wanaliwa na nani, daktari?

MZEE WA PANORAMA:
Nimecheka mpaka barakoa imelowa. Huyo huyo ndiye anayesema picha ya panorama, ile eksirei ya mataya yote, inatosha kwa kila kitu! Mimi jina langu hili, lakini nawaambia: panorama inakupa urefu, unene wa taya haikuonyeshi. Tena kwa watu wengi neva inatangulia mbele kidogo ndani ya mfupa, kisha inarudi nyuma ndipo itoke kwenye tundu. Zile 5 zako unazihesabu kuanzia kwenye hiyo kona, si kwenye tundu unaloliona kwa macho. Na ukipitiliza ukatoboa ukuta wa ndani, upande wa ulimi, mshipa wa damu wa huko ukikatika unajivuta ndani ya nyama, huupati. Sakafu ya mdomo inajaa, ulimi unasukumwa juu na nyuma, mtu anakosa pumzi. Hapo kiwanja utakisahau.

GEGO LA MWISHO:
Mleta uzi na wewe umezidi. Gozi, gozi, gozi. Bloku la ganda gumu hata uliloweke usiku kucha, seli zake nyingi za ndani zitakufa tu kwa kukosa damu. Linabaki kuwa kiunzi, mwili unalitafuna taratibu na kuweka mfupa mpya, ndiyo maana tunasubiri miezi 4 hadi 6 kabla ya kupachika kipandikizi. Kinachoharibu kazi ni bloku kuchezacheza. Skrubu 2 za milimita 1.5 ili lisizunguke, kona kali uzisage, ngozi ya mfupa uichane kwa ndani ili fizi ifunike bila kuvutwa. Ukikaza skrubu moja na fizi ukaivuta kama ngozi ya ngoma, lowanisha kwa ziwa zima, bloku litatokeza nje tu.

CHONGE KALI:
Nani kabisha kuhusu skrubu? Nimesema DAGAA. Dada wa watu anauliza kwa heshima, mgonjwa anasikia, jibu ni DAGAA. Kwa hiyo kwa kuwa seli za ndani zitakufa, na za juu tuzianike?

UZI NAMBA NNE:
Uzi huu nao umeshonwa tabaka moja, kesho utafumuka. Mmetaja simu, mmetaja neva, hakuna aliyeuliza kashona vipi. Kidevu kina msuli wake, unaubandua ili uuone mfupa. Usipourudisha kwa mishono yake yenyewe, ya uzi unaoyeyuka, halafu fizi juu yake kivyake, kidevu kinashuka kama pazia lililokosa kulabu. Nje unabandika plasta ya kubana siku chache damu isivilie. Na pale katikati unaacha kiukuta cha mfupa, unachukua vipande 2, kulia na kushoto. Ukifyeka pote umemharibia mtu sura yake. Bingwa kaacha? Mleta uzi alikuwa anaangalia simu ya mwenzake.

GEGO LA MWISHO:
😂😂 Kapatikana.

MTOTO WA NYAKATO:
Kwani kidevuni mnafuata nini? Nendeni nyuma ya magego. Unapata kipande chembamba kirefu, unene unaweza kufika milimita 4, sura haiguswi, meno ya mbele hayalalamiki.

BINTI UKARA:
Kaka, nyuma ya magego kuna salama ya nani? Msumeno ukizama kupita ganda unakutana na neva kubwa ya taya la chini, hapo ni mdomo na kidevu vyote ganzi. Ya ulimi ukiigusa, nusu ya ulimi haijui tena chumvi. Taya linakaza, kijiko hakipiti. Na ukichuna sana palipo na gego la mwisho lililolala, taya linaweza kuvunjika kwa hindi la kuchoma. Popote utakapochuna, kabla na baada uguse kwa pamba na ncha ya sindano, chora kwa kalamu kwenye ngozi ganzi inapoishia, andika kwenye faili. Wengi hisia zinarudi ndani ya miezi, wengine hazirudi, na faili tupu haikutetei.

KARABAI:
Mnagombania gozi na huku watu wanatumia vichwa vya kutobolea butu mpaka vinang'aa kama kijiko. Mfupa ukifika nyuzijoto 47 kwa dakika 1 umeungua. Maji ya kupozea ndiyo kila kitu. Sasa umeme ukatike katikati ya mkato, jenereta iwake, mota irudi na pampu ya maji isirudi. Kuna wanaoendelea kukata! Moshi unatoka, harufu ya nyama choma, wao wanaendelea. Hilo nalo lifunguliwe uzi wake.

MTOTO WA NYAKATO:
Mimi langu ni chenga za ng'ombe, zile za kujazia mfupa uliopungua. Usukumani hapa ng'ombe wamejaa mpaka barabarani, lakini chenga za mfupa wa ng'ombe tunaagiza Uswisi, kijichupa kidogo kama cha wanja, na dukani unauziwa kilichobakiza mwezi mmoja kuisha muda.

MZEE WA PANORAMA:
Siyo ng'ombe wa Igoma hao, mkuu. Zile zimeondolewa protini zote, imebaki madini tu. Lakini kweli wauzaji wametushika. Na palipopungua upana mkubwa, chenga peke yake bila kitu cha kuzishikilia zinasambaa. Ndiyo maana tunarudi kwenye bloku.

CHONGE KALI:
Jamani turudi kwenye mada. Gozi lilikuwa KAVU.

KARABAI:
Mada yenyewe umeileta wewe ni dagaa. Dagaa wa kuanikwa mchangani ndio wanaopasua meno ya watu yaliyozibwa kanda hii yote. Mtu anakuja na gego limemeguka, ukimuuliza, punje ya mchanga.

BINTI UKARA:
Ndiyo maana kwetu ni chanja. Dagaa wa chanja hana mchanga, na anakauka chini na juu.

UZI NAMBA NNE:
Unao? Hapa Kirumba wanachanganya, juu wa chanja, chini ya gunia wa mchangani.

BINTI UKARA:
Sasa hivi mbalamwezi, wavuvi wamelala. Giza likirudi nitaleta. Debe au gunia?

MZEE WA PANORAMA:
Madebe mawili. Na wawe wakavu kweli.